Sampuli ya Kumi na Nne

Nafasi ilikuwa moja, na walioitaka walikuwa sita: mwaka mzima katika maabara ya madini huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwa yule atakayetetea utafiti wake kwa Kiingereza mbele ya jopo. Amisa, binti wa Swedi, dereva wa malori wa mtaa wa Dilala, Kolwezi, alipangwa kuzungumza wa tano.

Hotuba yake aliihifadhi kama alivyohifadhi sura za Kurani kwa maalimu utotoni: mstari baada ya mstari, akiyumba mbele na nyuma kwenye kigoda, baba yake ameshika karatasi. Swedi hakuelewa kila neno, lakini miaka ishirini ya barabara za Zambia ilikuwa imempa sikio.

"Umeruka. Rudilia tangu mwanzo."

"Tata, ni neno moja tu!"

"Hata sura ukiruka, unarudilia. Anza."

Akaanza upya, siku kumi na nane, mpaka jirani yao Jémima akawa anamtania juu ya ukuta, akiwaonyesha kuku uani: "Amisa, hata bakuku yetu banajua Anglais sasa!"

Siku ilipofika, aliingia ukumbini kifua mbele. Maneno yakatiririka. Alieleza bwawa la zamani la matope ya mgodi nje ya Kolwezi, sampuli arobaini alizochimba huko, na shaba iliyobaki ndani yake. Dakika ya saba, Profesa Mukuna, mwenyekiti wa jopo, akainua kalamu na kumkatiza kwa Kiingereza.

"Sampuli ya kumi na nne ina shaba mara tatu ya zile za jirani. Hilo ni kosa la kipimo. Kwa nini hukuitupa?"

Amisa akatafuta alipoachia. Hakupaona. Kichwa chake kilijua njia moja tu, na kabla hajajizuia, midomo ikaanza: "Waheshimiwa wajumbe wa jopo, habari za asubuhi..."

Ukumbi ukacheka. Gaël, mmoja wa wale sita, aliyekuwa ametangulia kuwasilisha na kujiona ameshapata, alicheka kwa sauti kuliko wote.

Mukuna akainamia kipaza sauti, kama baba anayemhurumia binti. "Ma fille, sema tu mu Français. Hakuna shida. Tutaandika kama Anglais ilikushinda."

Ilikushinda! Neno hilo lilimpanda Amisa kama pilipili puani. Akaigeuza karatasi yake kifudifudi.

"Hapana, Profesa," alijibu kwa Kiingereza. "Nitajibu kwa lugha mliyoitaka."

Hilo hakulihifadhi popote. Akasimama wima, akafikiri kwa Kiswahili, lugha anayojua kugombana kwayo, na kukiacha Kiingereza kifuate nyuma, sentensi fupi fupi.

"Si kosa. Mwanzoni nilichota matope ya juu, kama kila mtu. Mama Tshibola, anayeosha mawe ya madini kando ya bwawa, akanicheka. Akavunja gamba la tope kavu kwa kisigino, akachota tope la chini, akalipima uzito kiganjani. Akaniambia mfereji wa zamani wa mgodi ulimwaga matope hapo. Kizito huzama kwanza. Nikachimba hapo. Nikapima mara nne, kwa mashine mbili, jibu likawa lilelile. Mfereji huo haupo kwenye ramani zenu. Upo kichwani mwa Mama Tshibola. Ningeitupa sampuli hiyo, ningetupa sehemu tajiri kuliko zote."

Maswali yakamiminika: kina gani, msimu gani, mashine gani. Neno lilipomkimbia, Amisa alichora ubaoni. Swali moja alilijibu, "Hilo bado sijui," wala hakuinamisha kichwa.

"Umebakiwa na dakika tatu," alisema Mukuna. "Endelea ulipoachia."

"Nitaendelea hapa kwenye mfereji, Profesa. Hapa ndipo penye habari."

Na akaendelea, bila karatasi, mpaka kengele ikalia na makofi yakaifunika.

Alasiri jopo lilirudi. Mukuna alisoma jina moja tu: Amisa Swedi. Kwenye viti vya nyuma, jirani yao Jémima akapiga vigelegele hadi mlinzi akachungulia. Swedi, aliyekuwa amejibanza mlangoni asimtie bintiye hofu, alisukuma watu akipaza sauti, "Ni mutoto wangu! Ule ni mutoto wangu!"

Mukuna akampa Amisa mkono wa pongezi. "Félicitations. Barua ya Ndola nitaiandika leo."

"Aksanti, Profesa," alisema Amisa, mkono wa mzee bado ameushika. "Muandike na jina ya Mama Tshibola. Mi nitawasubiria hapa mpaka muandike."

Mukuna akavuta kiti, akaketi, akatoa kalamu.