Kondo Aenda Kufumua Hisa Yake

Siku Kondo wa Nyamisati alipouza kipande chake cha jarife, wavu mkubwa wa kuvulia samaki, akanunua hisa moja katika kinu cha mpunga cha Fatehali, pale Kibiti, serikali ya Mwingereza haikupiga mzinga. Kondo mwenyewe ndiye aliyebadilika. Alianza kutembea kwa taratibu, kama mtu mwenye kinu, na usingizini aliuona mto Rufiji ukitiririka mchele mtupu, naye akielea juu yake chali.

Masika yakamwamsha. Kinu kiliharibika, chuma cha kukitengenezea kikakwama matopeni njia ya Dar es Salaam, na wenye hisa wakaanza kuziuza kwa bei ya kutupa.

"Njoo kwangu, bwana mkubwa," shemeji yake Maneno alimcheka. "Mtumbwi wangu unavuja, unataka mtu wa kukumba maji."

Kukumba maji, tena ya Maneno! Kondo akachukua kisu, akaenda Kibiti. Kwao Nyamisati jarife ni la shirika: kila mtu huleta kipande chake, vikashonwa pamoja; shirika likivunjika, kila mmoja hufumua chake akaenda zake.

"Nionyeshe changu kwenye kinu," alimwambia Fatehali. "Nikifumue."

Fatehali akakitazama kisu, kisha kinu, kama mfiwa.

"Kondo bhai, ndugu yangu, hisa haina mahali. Una kidogo katika kila kitu. Gurudumu, mkanda, moshi."

"Hata moshi?"

"Hata hasara. Ukichoka unauza hisa, kinu kinabaki."

"Nani atanunua hisa yangu ya kinu kibovu?"

"Mimi," alisema Rehmat, mkewe Fatehali, kutoka nyuma ya meza ya duka lao, lililopakana na kinu.

Mikono ya Rehmat, iliyozoea kulia bangili hadi mtaa wa pili, leo ilikuwa mitupu, kimya.

"Mama, bangili umezipeleka wapi?"

Rehmat akanyoosha kidevu kuelekea kinu. "Zimenunua hisa za walioogopa. Nawe unauza, huuzi?"

Kondo akaitazama ile mikono mitupu. Kisha akakirudisha kisu kiunoni.

"Siuzi," alisema, akaenda kujilaza juu ya lundo la pumba nyuma ya kinu, laini kama wingu. Siku zikapita juu yake pamoja na mvua. Mwanamina, muuza vitumbua, alimlisha kwa mkopo, kwa heshima ya cheo chake cha mwenye kinu.

Asubuhi moja mto wa mchele ukaanza kumtikisa ndotoni. Akafumbua macho. Pumba zilikuwa zinatetemeka. Chuma kilikuwa kimefika, na moshi ulikuwa unapanda.

"Taratibu huko ndani, jamani," Kondo alisema kwa sauti ya usingizi. "Mnanitikisa."