Manjano Kwenye Jeraha

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, Poongodi alimimina kahawa yake kutoka kwenye bilauri ya chuma hadi kwenye kibakuli, kisha akairudisha kwenye bilauri, juu chini, juu chini, mpaka povu lisimame. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake kabla ya kuanza kusemeshwa na watu. Siku hiyo bilauri ilikuwa ingali juu hewani mlango uliposukumwa kwa kishindo, na kahawa yote ikaishia kwenye koti lake jeupe.

"Nisamehe, dokta," alisema Selvarani, askari ambaye hakujua hodi tangu azaliwe. Alikuwa amemshika mkono mwanamke aliyejifunika ncha ya sari kichwani. "Nina haraka. Shemeji yake yuko hapo nje na wakili, na wakili mwenyewe mdomo kama cherehani."

Dokta Nallasamy, mkuu wa idara ya uchunguzi wa majeraha hapo hospitalini, aliingia nyuma yao na fimbo yake. Alilitazama koti la Poongodi.

"Na doa hilo nalo tulipime umri? Mimi nasema bichi kabisa."

Selvarani alicheka. Poongodi alitabasamu akiangalia chini.

Habari yenyewe ilielezwa wakiwa wamesimama. Mwanamke aliitwa Valarmathi, mjane, akiishi nyumba moja na ndugu wa marehemu mumewe. Alisema shemeji yake Kandasamy alimpiga jana jioni kwa mpini wa jembe, penye uwanja wa kuanikia manjano. Kandasamy alisema jana ndiyo kwanza aliingia kutoka mji wa Tiruppur, na kwamba huyu mama alianguka wiki iliyopita, yeye hayupo.

"Basi nyie semeni tu," alimaliza Selvarani. "La jana au la wiki iliyopita?"

"Likiwa la wiki iliyopita?" aliuliza Poongodi.

"Hakuna kesi. Anaondoka na shemeji yake. Nyumba si ni moja?"

Valarmathi alikuwa akiibana ncha ya sari kwa meno.

Ikawa kama kawaida yao: mgonjwa wa kike nyuma ya pazia na Poongodi, mzee mezani upande wa pili, yeye akitaja na mzee akiandika. Poongodi alipenda kazi hii kwa sababu jeraha halina haraka wala kelele. Ukilitazama kwa subira, linakueleza lina muda gani. Nani alipiga, hilo halijui. Linajua lini tu.

"Mkono wa kushoto, nje, juu ya kiwiko," alitaja. "Damu imevilia chini ya ngozi. Pamevimba."

"Paza sauti, binti! Unaongea kama mbu nje ya chandarua."

"Pamevimba, mkuu."

Aliusogeza mkono kwenye mwanga. Ngozi nyeusi kama yake mwenyewe haisomeki upesi, rangi hujificha ndani yake. Lakini hapa rangi ilikuwa imekaa juu waziwazi, imejaza hadi mikunjo ya kiwiko. Mwanamke huyu alikuwa amepaka manjano yaliyopondwa, kama mama yake Poongodi anavyopaka kila mtoto akijikwaa. Wala si pua iliyomwambia. Msimu wa soko mji mzima hunuka manjano, nani tena anayasikia? Itabidi yaoshwe kwanza, aliwaza, na wazo likamtoka mdomoni nusu.

"Manjano..."

"Nini?"

"Manjano," alirudia, akinyoosha mkono kuchukua pamba.

"Ahaa. Manjano." Kalamu ilikwaruza karatasi.

Simu ya mezani ikalia. Mahakamani walikuwa wakimsubiri mzee kwa kesi nyingine. Poongodi alilowesha pamba kwa maji ya sabuni, akapangusa polepole. Valarmathi alivuta pumzi kwa meno.

"Pole, dada. Kidogo tu."

Pamba iligeuka rangi ya mchuzi. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu iliyoiva kuelekea zambarau, na hapakuwa na alama yoyote ya kupona. Pembeni palikuwa na mchubuko, kigaga chake chembamba, chekundu, bado chepesi, kingo zimeshika. Kigaga cha wiki huwa cheusi, kimeanza kujibandua. Aliweka mgongo wa mkono wake karibu. Palikuwa pa moto.

Nje ya pazia muhuri uligonga meza.

"Haya, Selvarani, chukua," alisema mzee. "Limeshageuka manjano. Hilo si la jana hata kidogo, lina kama wiki."

"Nilijua mimi," alisema Selvarani, lakini bila furaha.

Poongodi aliganda. Kitamil, kama Kiswahili, kina neno moja kwa kiungo na kwa rangi. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na kule yako mawili, mbali mbali. Mzee alikuwa amechagua la rangi. Hakukosea, aliandika alichosikia. Aliyemkatia neno katikati ni yeye Poongodi.

Atamfuata mzee ofisini baadaye, aliwaza, amweleze taratibu, wakiwa wawili. Ndivyo alivyofanya mambo yake yote, baadaye na taratibu.

Valarmathi alikuwa akishusha mkono wa blauzi. Alimtazama Poongodi kwa mara ya kwanza.

"Basi niende naye?" aliuliza. Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Hatua za Selvarani zilikuwa zimefika mlangoni, na huko nje sauti ya mwanamume ilishaanza kushukuru. Poongodi alilivuta pazia mpaka pete zake zikalia. Pamba ilikuwa mkononi, inamchuruzikia hadi kwenye doa la kahawa.

"Afande, simama."

Selvarani alisimama. Dokta Nallasamy, fimbo tayari mkononi, aligeuka, na nyusi zake nyeupe zikapanda.

"Mkuu," alisema Poongodi, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata kule nje wakanyamaza. Aliinua pamba. "Niliposema manjano sikumaanisha rangi. Nilimaanisha manjano, haya ya jikoni. Amejipaka. Nimeyaosha. Chini yake ni jekundu na bado ni la moto. Nani amempiga, siwezi kusema. Lakini jeraha hili ni la jana."