Mfano wa Neno Kunena

Mwalimu Rozalia Kalinga alistaafu na vitu viwili: nyumba ya matofali ya kuchoma pale Ipogolo, na ubishi. Ubishi wenyewe ulikuwa wa maneno. Ukithubutu kusema mbele yake kwamba mwenye duka amenena bei ya sukari, ungekaa hapo mpaka jioni ukisomeshwa.

"Kunena si kusema," alimweleza Gwakisa siku alipomtembelea. "Sokoni watu wanasema. Kilabuni wanaropoka. Mtu ananena akitoa jambo zito, ambalo aliyelisikia hawezi tena kuishi kama hakulisikia."

Gwakisa alikuwa mwanafunzi wake tangu darasa la pili, mtoto wa Kinyakyusa aliyehamia na wazazi wake kutoka Mbeya. Sasa ni mhadhiri mjini Iringa, anatunga kamusi ya shule za sekondari. Alikuwa hodari wa kumvika mtu kilemba cha ukoka huyu, sikufichi.

"Mwalimu, chuo kizima hakuna wa kulieleza hivi. Nipe mfano."

"Nabii alinena mbele ya watu."

"Huo uko kila kitabu. Nataka wa maisha, uliousikia kwa masikio yako."

Angeweza kutunga. Angesema babu fulani alinena na wajukuu zake, yakaisha, wakanywa chai. Lakini mwanamke aliyewagombeza watoto wa watu miaka thelathini na nane kwa mifano ya kubuni hovyo hakuona aanzeje kudanganya, tena kwa neno hilo. Tena Gwakisa alikula viazi kwenye sufuria yake tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Basi akamtolea lililomkaa kifuani miaka ishirini na saba.

Dada yake mkubwa, Veneranda, alifia Chimala, kichanga cha miezi mitatu kikiwa pembeni yake. Baba wa mtoto alikwisha kuingia mitini. Kabla ya kukata roho, Veneranda alimshika Rozalia mkono, akanena: mlee huyu, akuite mama, lakini siku akiolewa umwambie mimi ndiye niliyemzaa. Kichanga hicho ndicho Mercy. Aliolewa Mbeya mwaka juzi, na Rozalia akaingizwa ukumbini kwa vigelegele kama mama wa bibi harusi, akacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Hakumwambia Mercy, wala kwa Gwakisa hakulikiri hilo. Alipanga kusema baada ya fungate, kisha baada ya Krismasi, kisha akaacha kupanga. Aliogopa, basi. Alishazoea kuitwa mama.

"Majina usiandike," alimwambia Gwakisa, akijifuta macho kwa khanga.

"Nitayabadilisha. Kwani huniamini, Mwalimu?"

Alimwamini.

Mwezi wa nane, asubuhi, Rozalia anachambua maharage, simu ikaita. Alikuwa Mercy, naye mwalimu wa Kiswahili kwenye sekondari moja huko Mbeya.

"Shikamoo, mama! Yaani umekuwa staa! Zimeletwa kamusi mpya hapa shuleni, nafungua tu, nakuona kwenye shukrani: Bibi Rozalia Kalinga wa Ipogolo, kwa maelezo ya neno nena. Nimepiga kelele, ofisi nzima imeshtuka. Ngoja nikusomee."

"Achana nayo kwanza, mwanangu. Nipe habari za nyumbani."

"Mama naye! Aibu za nini? Sikiliza." Mercy akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya darasani. "Nena. Kitenzi. Toa kwa uzito jambo la kuaga au la agano. Mfano: Veneranda alinena kabla ya kufa, akasema, Rozalia, nakuachia Mercy umlee, siku akiolewa umwambie mimi ndiye..."

Sauti ikafifia. Nyuma yake walimu wenzake walikuwa wakicheka kwa mambo yao.

"Mama, huu si mfano tu?"

"Mwanangu," akaanza Rozalia. Simu ikakatika. Alipiga mara saba, haikupokelewa.

Gwakisa alipokea mara moja. "Kamwene, Mwalimu! Umekiona kitabu?"

"Uliniahidi majina."

"Nilijaribu, Mwalimu. Nilipoyabadilisha, mfano ukapoa kabisa. Halafu nikajisemea, Mercy si ameshaolewa? Nikajua ulishamwambia." Akalainisha sauti. "Uzinduzi ni Ijumaa. Tumekutengea kiti cha mbele."

Rozalia alimtukana kwa Kihehe, tusi ambalo kamusi yake haitalipata kamwe. Kisha akakaa chini akalia. Mtoto aliyemlisha amemuuza kwa ajili ya mfano, na kibaya zaidi alikuwa na la kujitetea, maana aliyeanza kumsaliti Veneranda hakuwa Gwakisa.

Alfajiri alipanda basi la Mbeya. Njia nzima alipanga maneno kama anayeandaa somo, akayapangua, akayapanga upya. Basi liliposimama Chimala, wauza mchele wakazunguka madirisha, na yeye akainamisha uso, asitazame upande wa makaburi alikolala dada yake. Mpaka anashuka Uyole alikuwa na sentensi tatu nzuri. Angeanza na samahani.

Mercy alifungua mlango kabla hajapiga hodi. Macho yalikuwa yamevimba. Alipiga goti kidogo, akaupokea mkoba kwa mikono miwili, kwa adabu ile ile aliyofunzwa Ipogolo.

"Shikamoo, mama mdogo."

Sentensi tatu zikampotea hapo hapo mlangoni. Ndivyo mtoto anavyomwita mdogo wa mama yake, na hapakuwa na kosa la kusahihisha.

"Marahaba," akasema Rozalia.