Kalibu Tatu za Chombo Kimoja

Harufu ilimtangulia Donatha, mchuuzi wa samaki. Saidati aliinusa akiwa kwenye kompyuta, akaziba pua, na hapo mchuuzi huyo akaingia na ndoo yake ya sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, akaitua sakafuni kwa kishindo.

"Mi niko pale kwa mizani tangu saa moja," alisema. "Sasa ni saa sita. Mashine inasema chombo ya wavuvi haijulikane. Bila karatasi yake, soko hainipokei. Ona samaki yangu, mama!"

Saidati aliwaona. Matumbo yamepasuka, nzi wamejaa. Programu ya mizani ya wavuvi waliiandika wao wawili, yeye na Jack aliyerudi kutoka Kampala.

"Kwangu ilifanya kazi," Jack alisema, macho kwenye simu. Saidati alitamani kumtapikia.

Akafungua faili ya JavaScript. Jack alikuwa ameandika fanksheni ya kiwanda: ukiiita, inakurudishia konstrakta, yaani kalibu ya kuundia mitumbwi. Lakini kila ukiiita inakupa kalibu mpya, hata ikifanana na ya kwanza kwa kila herufi. Na chombo cha sambaza cha Kivu ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Jack, ambaye hajawahi kutia mguu ufukweni, alikiita kiwanda mara tatu, kila mtumbwi na kalibu yake. Mizani ilipouliza kwa amri ya instanceof kama mitumbwi yote mitatu imetoka kwenye kalibu ya kwanza, miwili ikakataliwa, na chombo kizima pamoja nayo. Uchafu mtupu!

Dawa yake ilikuwa mistari miwili: kiite kiwanda mara moja tu, itunze kalibu hiyo, uunde mitumbwi yote kwayo. Alipokuwa akihifadhi faili, akaona maneno ya juu kabisa: "Imekaguliwa na Saidati." Ilikuwa Ijumaa iliyopita. Alikuwa akiwahi harusi ya binamu yake huko Nyundo, hakusoma hata mstari mmoja. Sasa alijichukia kuliko alivyomchukia Jack.

Printa ikatoa karatasi: chombo kinajulikana. Donatha akaisoma taratibu, akaibandika juu ya samaki waliooza, akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka chini ya meza ya Saidati.

"Bon. Karatasi iko," akasema. "Mukule."

Akatoka. Jack akainuka kufungua dirisha.

"Acha," Saidati akamwambia. "Tuinuse."