Makovu ya Tezi Kumi na Moja

Fundi bomba aliyezoeleka kwa jina la Koki alikuwa ameshika maji maisha yake yote, lakini baada ya dripu ya pili ya dawa ya saratani maji ya baridi yakamgeuka. Akigusa bomba tu, vidole vinamchoma kama kashika waya wa umeme. Chakula kikakosa ladha, na suruali akawa anaifunga kwa kamba.

Saratani ilikuwa kwenye mfuko wa chakula, na ilikwisha kuingia kwenye tezi za jirani, vijitezi vidogo kama maharage. Daktari mpasuaji alimweleza taratibu: kwanza dripu nne, moja kila wiki mbili, ili uvimbe unywee na tezi zisafike kadiri itakavyowezekana. Kisha kisu.

Dripu ya tatu ilimwangusha kabisa. Alilala sebuleni siku tano, ndoo ubavuni. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alihamishia mashine yake hapo hapo, akawa anashona sare za shule huku akimwangalia.

"Dada, ya nne siendi. Wanipasue tu, yaishe."

Dada hakuinua kichwa. "Hata mimi nimechoka. Ukitapika wewe, nafua mimi." Akakata uzi kwa meno. "Ila daktari utamwambia mwenyewe. Mimi sina uso huo."

Kesho yake wakaenda. Daktari hakubishana naye. Alimwonyesha picha mbili za tumbo lake, ya mwanzo na ya sasa.

"Uvimbe umepungua, nauona. Tezi siwezi kuziapia mpaka nizitoe. Nikikupunguzia dozi, utaiweza?"

Koki alizikodolea macho zile picha asiambulie kitu. Akamgeukia dada yake. Alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kola.

"Nitundikieni hiyo ya nne," akasema.

Wiki tano baada ya dripu hiyo alipasuliwa. Walitoa mfuko wote wa chakula pamoja na tezi ishirini na sita. Majibu ya maabara yalipokuja, daktari aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Tezi tatu bado zina saratani. Kumi na mbili hazikuguswa, na kumi na moja zina makovu matupu. Iliingia humo, dawa ikaiua."

"Kwa hiyo nimepona?"

"Hilo bado sijui. Najua dawa inafanya kazi. Ukipata nguvu, tutarudia dripu mara nne."

Koki alifumba macho. Alitafuta furaha, akatafuta hasira, akakuta uchovu tu umejaa kila mahali. Daktari alipoondoka, dada alifungua chupa ya uji.

"Vijiko vitatu, halafu ulale."

"Viwili."

"Mfuko wamekutoa, ubishi wamekuachia."

Alitaka kucheka, mshono ukamkataza. Akameza cha kwanza, akapumzika, akameza cha pili. Cha tatu alikaa nacho mdomoni muda mrefu, dada akisubiri, mpaka kikashuka.