Sehemu ya Redio

Jumamosi ile nilikuwa na kazi mbili: kukata tiketi mlangoni kabla ya filamu, na kukusanya kadi za maoni baada yake. Ukumbi wetu una viti mia na ishirini, vinne kati yake havina migongo, na siku hiyo watu walialikwa bure kutazama filamu ambayo bado haijatoka. Kila mmoja alipewa kadi na penseli. Kadi ilikuwa na maswali matatu: sehemu gani imekugusa zaidi, sehemu gani hukuiamini, na je, utamsimulia mtu mwingine. Mwongozaji wa filamu aliniambia kwamba sehemu itakayokataliwa na wengi itakatwa. "Hapa mtazamaji ndiye hakimu, dada," alisema. "Sisi wengine ni mashahidi tu."

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani iliyotengenezwa upya. Ile ya kwanza kila mtu wa rika la wazazi wangu anaijua: muuaji wa kukodiwa, glavu za kijivu, anachechemea, na filamu nzima anasema maneno manne tu. Katika hii mpya muuaji ni mwanamke, na maneno yake yaliandikwa na mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kasuku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na mpaka leo hajapumzika.

Mama alifika mapema, amevaa gauni lake la shughuli. Alipofika mlangoni nilimkatia tiketi kama mgeni mwingine yeyote, akacheka.

"Kata vizuri, mama. Hiyo naihifadhi."

Huniita mama tangu nilipozaliwa, maana nimebeba jina la mama yake. Akaenda kukaa mstari wa tatu, na kabla taa hazijazimwa alikuwa ameshawatangazia majirani zake wote kwamba mwandishi ni kitindamimba wake.

Nilisimama nyuma, kando ya pazia la mlango. Saa nzima ya kwanza ilikwenda vizuri. Watu walicheka pasipostahili kuchekwa, wakaruka bunduki zilipolia. Kisha ikaja sehemu ile.

Muuaji amemtilia sumu mzee mmoja tajiri. Mzee yuko chumbani, anaita aletewe maji. Mwanamke amekaa jikoni, mikono mezani, na redio iko rafuni. Mzee anaita. Mwanamke ananyoosha mkono, anaongeza sauti ya redio. Mzee anaita tena, naye anaongeza tena. Wimbo unapokwisha anainuka, anajaza kikombe, anakipeleka chumbani na kukiweka juu ya kigoda, karibu na mtu ambaye hanywi tena.

Mimi nilikuwa nakitazama kisogo cha mama.

Baba aliugua miezi saba, na mama alimuuguza peke yake. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kufua, kisha kuanza upya. Adhuhuri moja alikuwa ameketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na redioni ukaja wimbo alioupenda tangu usichana wake. Baba akaita maji. Mama akaongeza sauti. Alitaka umalizike tu. Alipoingia na kikombe, baba alikuwa ameshaondoka.

Haya alinieleza miaka minane baadaye, hospitali, asubuhi aliyokuwa akingoja kuingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Alidhani hatatoka. Alinishika kiganja akasema, "Hili ni langu na lako. Hata dada yangu hajui."

Alitoka salama. Mimi nilikaa na lile jambo wiki tatu, likanishinda. Nikamwambia Kasuku, nikamwapisha, akaapa. Aliinamisha uso akaufunika kwa mikono, na mimi nikamkumbatia nikidhani analia. Sasa sijui kama alikuwa analia au alikuwa anaandika.

Taa zilipowaka, watu walibaki vitini wakijaza kadi na kubishana. Kinyozi mmoja, ambaye kwa maelezo yake ameiona ile ya zamani mara kumi na moja, alikuwa amesimama kabisa. Alisema yule mchechemeaji alikuwa akikutazama tu unajua umekwisha, lakini huyu dada anakupa hotuba kwanza, unaweza kufa kwa usingizi. Mwalimu aliyekaa nyuma yake akamjibu kwamba wanaume arobaini wameua kwenye filamu na kinyozi hakumlalamikia hata mmoja, leo mwanamke kashika bastola kidogo tu, makelele. Watu wakacheka. Lakini ilipotajwa sehemu ya redio, hata kinyozi alishusha sauti.

Mama hakugeuka kunitafuta. Aliazima miwani ya jirani, akaandika polepole, na alipofika mlangoni aliiweka kadi yake juu ya rundo, maandishi yakiangalia chini.

"Asante," akasema, akapita.

Nilimkuta Kasuku karibu na mashine ya bisi, anapeana mikono na watu. Nilimvuta kando. Alianza kabla sijasema neno. Alisema alirudisha mswada mara sita na mara sita mwongozaji akauita maiti, hadi alipoiweka sehemu ile ndipo akapewa kazi. Alisema amebadilisha kila kitu, nyumba si ile, wimbo si ule.

"Hakuna atakayejua ni nani, dada."

"Yeye anajua."

"Yule si mama. Yule ni muuaji."

"Ndiyo," nikamwambia. "Umemfanya muuaji."

Kasuku aliutazama mlango aliotokea mama. Kisha akasema nisimlaumu peke yake, maana yeye hakuambiwa na mama. Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli.

Tulikaa ofisini watu watatu, mimi, Kasuku na mwongozaji. Mimi nilisoma kadi moja moja kwa sauti, na mwongozaji alizipanga marundo mawili kufuatana na zilivyosema kuhusu redio, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyokuwa ikimtia wasiwasi. Imenitisha kuliko bunduki zote. Mnyama, mtu hafanyi hivi. Rudisheni mchechemeaji, ila hapo kwenye redio nilishika kiti. Mke wangu ameniangalia vibaya, asanteni sana. Marundo yalipanda pamoja, mara hili limezidi, mara lile.

Kisha nikaufikia mwandiko wa mama, herufi ndefu zilizolalia kushoto. Nilisoma.

Sehemu gani imekugusa zaidi? Ya redio.

Sehemu gani hukuiamini? Ya redio. Huyu dada haonekani amechoka.

Je, utamsimulia mtu mwingine? Nilishamsimulia mmoja. Inatosha.

Mwongozaji alicheka, akauliza huyu kasimulia lini filamu ambayo haijatoka. Kisha akaacha kucheka, akaichukua kadi na kuisoma mwenyewe. Akauliza aiweke upande gani, maana mtu ameguswa na hakuamini papo hapo.

Ningetaja ni kadi ya nani, ningekuwa nimeitoa siri ya mama mara ya pili, tena mbele ya mtu asiyemjua. Nilimtazama Kasuku. Alikuwa ameuona mwandiko, ndio uliomfundisha kuandika.

"Wewe ndiye mwandishi," mwongozaji akamwambia. "Kusema kweli moyo wangu unasita. Ukisema tuikate, naikata leo."

Kasuku alizungusha penseli vidoleni. Nje ukumbini mtu alikuwa anafagia bisi.

"Iweke kwa waliopenda," akasema. "Ameandika imemgusa."

Nilimaliza kadi zilizobaki. Sikumbuki hata moja.

Nilifika kwa mama jua likiwa bado liko juu. Katika nyumba ile huwa sibishi hodi, naingia, nafungua friji, nakunywa maji nimesimama kwa kikombe cha plastiki chenye ufa, huku mama akinipigia kelele nifunge mlango umeme unakwenda. Siku hiyo nilibisha. Mama alifungua. Alikuwa ameshavua gauni.

"Karibu," akasema. "Karibu kiti."

Akanionyesha kile kikubwa cha wageni. Nilianza kueleza. Nilisema nilizidiwa, nilisema ni mdogo wangu, nilimwamini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono mapajani. Kisha akauliza kama watu walijaa, na kama kazi ya kadi ilikuwa ngumu. Nikasema hapana.

"Nikuletee maji?"

Alirudi na bilauri ya kabatini, ile ya maua, juu ya trei, imewekewa kisahani chini na kitambaa kando. Alinipa kwa mikono miwili.

Nilisema asante. Nilikunywa yote, naye akasimama mbele yangu na trei yake, akingoja nimalize.