Boksi la Tishu

Mhadhiri wetu wa ushauri nasaha alinifokea mbele ya darasa zima la uzamili, eti kwa sababu ya boksi la tishu. Tulikuwa kwenye mazoezi. Mwenzangu, aliyeigiza mwenye shida, alijikamua machozi, nami nikamsogezea tishu haraka.

“Umemfunga mdomo!” mhadhiri akasema. “Ukimsogezea, unamwambia inatosha. Boksi liwe karibu, achukue mwenyewe.”

Nilinuna. Mimi ni mama. Mtu akilia mbele yangu, mkono unaenda wenyewe.

“Huyu hana hata chembe ya huruma,” nikamnong’oneza mwenzangu.

Wiki iliyofuata nilipelekwa shule ya sekondari kwa mafunzo ya vitendo. Ofisi niliyopewa ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo: viti viwili, mipira isiyo na upepo, na boksi la tishu juu ya kreti tupu. Akaingia msichana aliyefiwa na baba yake. Hata salamu hazijaisha, akaangua kilio. Makamasi yakamtiririka, akayafuta kwa mkono wa sweta. Nikaikalia mikono yangu, huku nikimlaani mhadhiri kimoyomoyo.

Kilio kikapungua. Akaniangalia kwa mshangao.

“Mbona huniambii ninyamaze, mwalimu? Nyumbani wote wananiambia.”

“Kwani umemaliza, mwanangu?”

Akafikiri kidogo. “Bado.”

Akanyoosha mkono, akachukua boksi zima, akalipakata, akaendelea kulia.